Unameza dawa za kifafa kila siku, mbona bado unaanguka?

Msomaji wa safu hii, tuchukulie wewe ni mkazi wa kata ya Malangali, Manispaa ya Sumbawanga. Una kifafa. Kadi ya kliniki unayo, tarehe hukosi, vidonge unameza. Juzi alfajiri umeanguka tena, safari hii kando ya mafiga, na mkono umeungua. Nyumbani wameanza kunong'ona: "Dawa za hospitali hazimwezi, huyu katupiwa." Nawe umeanza kuamini.

Kabla hujavitupa vidonge hivyo, soma kwanza.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 wanaishi na kifafa, na kwamba hadi asilimia 70 kati yao wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Geuza hesabu hiyo uone upande wa pili: karibu watu watatu katika kila kumi wanaweza kuendelea kuanguka ingawa wanatumia dawa. Kwa hiyo kuanguka kwako hakuonyeshi kwamba umerogwa, wala kwamba dawa ni bure. Kama zamani ulianguka mara nne kwa mwezi na sasa ni mara moja, dawa inafanya kazi, ila haijamaliza kazi.

Anza na ukweli wako mwenyewe

Sababu kubwa ya kuanguka ukiwa kwenye dawa ni kuruka dozi. Nauli imekosekana, dawa zimekwisha dukani, au ulilala shambani msimu wa kuvuna na vidonge vikabaki nyumbani. Mwambie daktari hivyo hivyo, usione aibu. Ukimficha, atadhani dozi ni ndogo na ataipandisha, nawe utashinda unasinzia na bado utaanguka. Ukisahau dozi, meza mara unapokumbuka, lakini kama muda wa dozi inayofuata umekaribia, usimeze mbili kwa pamoja.

Vipo vichochezi vingine. Kukesha msibani au harusini kunatosha kumwangusha mtu. Pombe nayo, iwe ya ulezi au ya chupa, ni adui, hasa kesho yake inapokuwa inatoka mwilini. Homa ya malaria huchochea pia. Baadhi ya wanawake huanguka zaidi siku za hedhi.

Dozi yenyewe inaweza kuwa imepitwa na wakati. Mtoto aliyeanza dawa akiwa na kilo 15 hawezi kubaki na dozi ileile akifikisha kilo 30. Dawa zingine pia hupishana: baadhi ya dawa za kifua kikuu, ARV na vidonge vya uzazi wa mpango hupunguziana nguvu na dawa za kifafa. Mtajie daktari kila unachomeza, dawa za miti shamba zikiwemo.

Huenda dawa siyo yako

Kifafa kina aina nyingi. Wapo wanaoanguka na kukakamaa, wapo wanaozubaa sekunde chache tu, na wapo wanaorushwa mkono au mguu mmoja. Kabamazepini inayomsaidia mmoja inaweza kumzidishia mwingine. Ndiyo maana maelezo ya aliyekuona ukianguka yana thamani kuliko unavyofikiri. Mwombe ndugu akurekodi kwa simu mara moja, na uwe na daftari la kuandika tarehe, saa, ilichukua dakika ngapi, na kama ulikuwa umeruka dozi. Nenda nalo kliniki.

Ukiwa umejaribu dawa mbili zilizochaguliwa vizuri, kwa dozi ya kutosha na bila kuruka, na bado unaanguka, wataalamu wanaita hicho kifafa sugu. Hapo usiendelee kupewa vidonge vilevile mwaka baada ya mwaka. Uliza habari ya rufaa. Kutoka Sumbawanga hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ni zaidi ya kilomita 300, safari yenye gharama, lakini vipimo vya picha ya ubongo na umeme wa ubongo vinaweza kuonyesha chanzo. Wapo wanaohitaji kuunganishiwa dawa mbili, na wachache husaidika kwa upasuaji.

Chanzo kimoja kinatuhusu sana sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunaofuga nguruwe: tegu. Anayekula kitimoto isiyoiva hupata mnyoo tumboni. Mayai yake hutoka na kinyesi, na mtu akiyameza kupitia mikono michafu, maji au mboga, viluwiluwi huweza kukaa kwenye ubongo na kuleta kifafa. Kwa hiyo hata asiyekula nguruwe anaweza kuugua. Kinga ni choo, kunawa mikono, kufungia nguruwe na kuivisha nyama. Lakini kama tayari una kifafa, usinunue dawa ya tegu na kujitibu mwenyewe. Viluwiluwi vikifa ubongoni vinaweza kuchochea kuanguka zaidi.

Usiache dawa ghafla

Hili ndilo la hatari kuliko yote. Ukiacha fenobabitoni ghafla, hata kama ni kwa sharti la mganga, unaweza kuanguka mfululizo bila fahamu kurudi, na hali hiyo huua. Mjamzito naye asiache. Aende kliniki mapema, kwani baadhi ya dawa, hasa valproeti, zinaweza kumdhuru mtoto na zinahitaji kupangwa upya kabla ya kubeba mimba.

Kwa mnaoishi naye

Akianguka, sogeza moto na vitu vyenye ncha, weka nguo laini chini ya kichwa, na akiacha kutikisika mlaze ubavu. Usimtie kijiko mdomoni, usimshike kwa nguvu, usimnusishe kiberiti. Povu lake haliambukizi. Mfute bila hofu. Tazama saa: zikipita dakika 5, au akianguka tena kabla hajazinduka, mkimbizeni hospitali.

Nyumbani, yainueni mafiga au tumieni jiko lenye kizuizi. Asichote maji kisimani peke yake, na asipande juu ya paa.

Nawe unayeungua na kuanguka huku unameza dawa, hujashindwa. Rudi kliniki na daftari lako, useme ukweli wote, kisha uulize: "Daktari, tufanye nini kingine?" Hiyo ni haki yako. Tukutane wiki ijayo.