Kinyongo na Namna Kilivyomalizwa kwa Wakipsigis

Wakipsigis wa Kericho na Bomet ni watu wa heshima, na hawajawahi kuwa wepesi wa kumeza dharau. Serikali ya kikoloni iliwaita Walumbwa, jina ambalo hawakulipenda hata kidogo, na kituo cha reli kilichoitwa Lumbwa leo kinajulikana kama Kipkelion. Kijana aliyemjibu ovyo mzee wa rika la baba yake alijitafutia makubwa, maana laana, chubisiet, iliogopwa kuliko kiboko. Wanaodai kwamba watu wa zamani hawakuudhiwa na maneno wanajidanganya. Waliudhika sana. Ila hasira yao ilikuwa na mahali pa kupelekwa, watu wa kuisikiliza na siku ya kwisha.

Mahali penyewe palikuwa kokwet, baraza la majirani. Wazee waliketi kivulini, wanaume wa mtaa wakiwazunguka, na kiongozi wao, boyot ab kokwet, hakuwa na askari wala jela. Mlalamikaji alisema mpaka akaishiwa na maneno. Aliyelalamikiwa akafuata. Kisha wazee wakasimama mmoja baada ya mwingine, wengi wakirudia yaleyale kwa kuyapamba upya. Mgeni angeona saa zinapotea bure, lakini ni shida mtu kubaki na ghadhabu ya asubuhi baada ya kusikia kisa chake kikisimuliwa mara nane. Aliyekutwa na kosa alitozwa kitu cha kadiri, aghalabu pombe au mnyama, nacho kikaliwa na kunywewa na wote, waliogombana wakiwamo. Aliyeng'oa nyasi na kuzishika mkononi alikuwa ameomba amani, na kuendelea kumshambulia ilikuwa aibu.

Marika nayo yalipanga nani amwambie nani nini. Wenzi wa rika moja, wawe Chumo au Sawe, walitaniana kwa maneno ambayo kati ya baba na mwana yangevunja nyumba; bibi na mjukuu vilevile. Mtu alijua utani unaanzia wapi na unakomea wapi kabla hajafungua kinywa.

Desturi iliyoeleweka vibaya kuliko zote ni ya mate. Mzee anapombariki mtoto, humtemea mate mepesi kifuani au kiganjani, manyunyu tu, huku akimtakia maisha marefu na mifugo mingi. Asiyejua huruka nyuma akidhani ametukanwa, naye mzee huona baraka yake imekataliwa. Wote wawili wanaondoka na kinyongo, na hakuna aliyekosa. Vijana wa mjini sasa wanaiona desturi hii kuwa uchafu. Ni hasara, kwa sababu hakuna kilichowekwa mahali pake.

Mursik ina mkasa wa namna hiyo. Maziwa huchemshwa, yakapozwa, yakamiminwa katika kibuyu, sotet, kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, yakaachwa siku kadhaa mpaka yagande na kupata rangi ya kijivu. Mgeni akionja funda moja tu, adabu imetimia. Akikunja uso, amemkosea mwenye nyumba. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti ulioikuta asetaldehidi katika mursik na kuitaja kuwa huenda inachangia saratani ya umio, ugonjwa ambao hospitali ya Tenwek huko Bomet inaufahamu vizuri. Wapo wanaolipokea jambo hilo kama tusi kwa kabila zima. Hapo kuudhika hakuna maana yoyote. Maabara haikumtukana mtu.

Mashamba makubwa ya chai yaliyoanzishwa Kericho katika miaka ya 1920 yalileta wachumaji kutoka Ugusii, sehemu nyingine za Nyanza na Uluhya. Katika kambi zao hapakuwa na kokwet ya pamoja. Neno la mwisho lilikuwa la nyapara. Majirani wasio na baraza moja walibaki na uvumi, na machafuko ya kikabila ya 1992 na ya 2007 na 2008 yalionyesha uvumi unaweza kufika wapi. Sheria ya Utangamano ya mwaka 2008 iliweka faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili, kwa matamshi ya chuki. Mwaka 2022 tume inayoisimamia iliorodhesha maneno ya kuepukwa, likiwamo madoadoa, jina walilobandikwa majirani wa makabila mengine. Ukali huo una sababu: neno hilo liliwahi kutangulia moto.

Tatizo ni kwamba ukali uleule sasa unadaiwa kwa kila kitu. Katika vituo vya kuuzia majani mabichi ya chai, wakulima wakisubiri lori la kiwanda, utani juu ya gunia lililojaa mashina zamani uliishia palepale kwenye mzani. Leo unarekodiwa, unatumwa katika kundi la WhatsApp la ukoo, na kufikia jioni watu ambao hawakuwapo wanadai kuombwa radhi.

Katiba ya 2010, katika ibara ya 159, inazitaka mahakama kuhimiza njia za jadi za kusuluhisha migogoro, na wazee wa kokwet bado huketi kuamua mipaka ya mashamba na madeni. Matusi ya simu hayawafikii kwa urahisi: mara nyingi mtukanaji yuko Nairobi au Saudia, na baraza la majirani halina njia ya kumwita asiye jirani.