Kubuni Mchezo wa Kufundishia juu ya Watoto Wanaokinzana na Sheria

Utangulizi

Makala haya yanahusu jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kuonekana dogo, hata la kitoto: namna ya kubuni mchezo wa mezani utakaowafundisha vijana wa kipaimara, wazazi wao na viongozi wa vitongoji yale yampatayo mtoto akamatwapo kwa tuhuma za kuvunja sheria. Mchezo wenyewe tuliujaribu Nyamahanga, kwa ubao wa karatasi ya manila, vifuniko vya chupa za soda na punje za maharage. Hatudai kwamba umekamilika. Tunataka kumweleza msomaji kwa nini umekuwa hivyo ulivyo, na kwa nini ubao wa kwanza tuliochora ilitubidi tuutupe.

Sheria na umbali

Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009, ilichukua nafasi ya sheria ya kikoloni iliyotungwa mwaka 1937. Yamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Kanuni ya Adhabu, kwa upande wake, yasema kwamba aliye chini ya miaka 10 hawezi kubeba jinai, na aliyefikisha 10 lakini hajafikisha 12 haibebi mpaka ithibitishwe kuwa alikuwa na uwezo wa kutambua kwamba alilotenda ni kosa. Sheria ya mwaka 2009 iliunda Mahakama ya Watoto, ikaagiza mashauri yasikilizwe faraghani na bila ukali wa taratibu za kawaida, Afisa Ustawi wa Jamii akiwapo, na mzazi au mlezi akipewa nafasi yake. Ilikataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Iliagiza pia kwamba akiwa kizuizini asichanganywe na watu wazima.

Hayo ndiyo yaliyoandikwa. Mwaka 2011 Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilitoa ripoti ya ukaguzi wa mahali wanamozuiliwa watoto, ikaeleza kwamba imewakuta watoto wakishikiliwa pamoja na watu wazima. Mtu wa Ngara au Biharamulo haimwii vigumu kuelewa sababu mojawapo. Mahabusu za watoto zilizojulikana kwa miaka mingi ni zile za Dar es Salaam, Tanga, Moshi, Arusha na Mbeya. Shule ya maadilisho ya Irambo iko Mbeya. Chora mstari kwenye ramani kutoka daraja la Rusumo hadi Mbeya, nawe utakuwa umeivuka nchi kutoka pembe moja ya magharibi hadi nyingine. Bibi anayelima migomba na maharage hataivuka nchi hiyo kwenda kumtazama mjukuu wake.

Kwa sababu hiyo kifungu kinachogusa maisha ya vijijini kuliko vingine ni kile kinachoiruhusu mahakama imkabidhi mtoto kwa mtu anayefaa, ambaye siku hizi huitwa mlezi wa kuaminika, badala ya kumpeleka mahabusu. Vijana wengi tuliozungumza nao hawakuwa wamepata kusikia jina hilo. Wazazi wao pia hawakulijua.

Ubao uliotupwa

Ubao wa kwanza ulifuata mchezo wa nyoka na ngazi, kwa kuwa kila mtoto aujua. Asili yake ni Bara Hindi, ambako ngazi ziliwakilisha matendo mema na nyoka maovu. Waingereza waliuchukua katika karne ya 19 na kuugeuza kuwa burudani ya nyumbani. Tuliandika kwenye vichwa vya nyoka: utoro shuleni, makundi mabaya, wizi. Kwenye ngazi tuliandika: utii, bidii, maombi. Vijana walicheza kwa kelele na furaha. Tulipowauliza wamejifunza nini, jibu lilitoka haraka: mtoto mwizi humezwa na nyoka.

Tulikuwa tumefundisha uongo mara mbili. Kwanza, dadu ndiyo iliyomwangusha mchezaji, wala si tabia yake. Hakuchagua kitu chochote. Pili, ubao haukuwa na mtu mzima hata mmoja. Polisi, mwenyekiti, mlalamikaji, bibi na hakimu walikuwa wameyeyuka, akabaki mtoto peke yake na nyoka wake. Lakini katika maisha, mtoto akiisha kukamatwa, karibu kila hatua inayofuata huamuliwa na watu wazima.

Historia ya michezo ina onyo jingine la namna hiyo. Mmarekani aitwaye Elizabeth Magie alipata hataza mwaka 1904 kwa mchezo alioubuni ili kuonyesha jinsi kodi ya ardhi inavyomtajirisha mwenye ardhi na kumfilisi mpangaji. Katika mchezo huo ndimo ulimotoka Monopoly, uliouzwa na kampuni ya Parker Brothers tangu mwaka 1935, na mamilioni ya watu wakaucheza wakishangilia kuwafilisi wenzao. Mafundisho yaliyowaingia wachezaji yalitoka katika yale ambayo kanuni ziliwafanya watende kwa mikono yao. Nia ya mbunifu ilibaki kwenye karatasi.

Tuligeukia bao. Wanaocheza bao la pwani lenye kete 64, au igisoro kwa jirani zetu wa Rwanda, au omweso kwa Waganda, wajua kwamba hakuna kilichofichwa wala hakuna dadu. Kete zote zi wazi mbele ya macho ya wote, na anayeshindwa hushindwa kwa hesabu zake. Tulitaka mchezo wa aina hiyo, ambamo huwezi kusema nilikosa bahati.

Mchezo ulivyo sasa

Kisa ni kimoja. Mvulana wa miaka 13 anatuhumiwa kuiba simu gulioni. Wachezaji ni wanane: mtoto, bibi yake, mlalamikaji, mwenyekiti wa kitongoji, polisi, Afisa Ustawi wa Jamii, hakimu, na jirani ambaye aweza kuwa mlezi wa kuaminika akipenda. Kifuniko cha chupa ndicho mtoto. Njia yaanzia gulioni, yapitia ofisi ya kitongoji, kituo cha polisi, selo na mahakama, na kutoka hapo inagawanyika: moja yaelekea nyumbani, nyingine ukingoni mwa ubao, penye neno moja tu: Mbali.

Katikati ya ubao lipo bakuli lenye punje 30 za maharage. Hizo ni siku za shule za mtoto. Kila mzunguko anaolala selo, punje moja huondolewa, na hakuna kanuni yoyote inayoirudisha.

Watu wazima nao wana punje zao, na hapa ndipo mchezo ulipopata uzito. Bibi akitaka kufika kituoni hulipa punje tatu, yaani siku ya jembe iliyopotea pamoja na nauli. Mwenyekiti akiandika barua ya kumtambulisha mtoto hulipa moja. Mlalamikaji ameanza mchezo akiwa na upungufu wa punje tano, kwa maana simu yake imepotea kweli. Asipofidiwa ana kila sababu ya kushikilia shauri. Tulijihadhari sana asije akachorwa kama adui. Jirani hulipa punje mbili kila mzunguko anapokaa na mtoto. Dadu tumeiacha mahali pamoja tu: kuamua kama leo Afisa Ustawi wa Jamii yupo ofisini au amekwenda kata nyingine, kwa kuwa hilo, kwa mwananchi wa kawaida, kweli ni bahati.

Matokeo yalitushangaza. Katika mizunguko ya kwanza hakuna aliyemchukia mtoto. Kila mmoja alisema atakuja kesho. Bibi alitunza punje zake, mwenyekiti alimngojea bibi, polisi alimngojea mwenyekiti, na bakuli likapungua polepole mbele ya macho ya watu waliokuwa wakimwonea huruma.

Upo pia mtihani wa umri. Mtoto hana cheti cha kuzaliwa, na polisi anaona kwamba ni mrefu. Sheria yaitaka mahakama ichunguze umri na kupokea ushahidi, hata wa daktari. Mchezaji anayekumbuka kuleta kumbukumbu za shule au kitabu cha ubatizo huokoa mizunguko miwili. Wachungaji waliocheza walinyamaza kidogo hapo, wakifikiri, bila shaka, juu ya hali ya vitabu vyao.

Kucheza mara mbili

Kanuni tunayoisisitiza kuliko zote ni kwamba mchezo uchezwe mara mbili. Mara ya pili kisa ni kile kile, simu ni ile ile na sheria ni zile zile, ila kiti cha bibi kinaachwa wazi. Mtoto hana ndugu anayejulikana.

Katika Ngara jambo hili halihitaji maelezo marefu. Mwishoni mwa Aprili 1994 takriban watu robo milioni walivuka Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku chache, na kambi ya Benaco ikawa mji usiku mmoja. Walikuwamo watoto wengi waliotenganishwa na wazazi wao. Wakimbizi wa Burundi nao walikaa Lukole kwa miaka mingi. Wazee waliocheza nasi waliyaona hayo kwa macho yao. Bila bibi, hakuna wa kulipa punje tatu, na kifuniko cha chupa huelekea ukingoni mwa ubao ijapokuwa hakimu anatamani vingine. Hana wa kumkabidhi. Hapo ndipo macho ya wote humgeukia jirani.

Matatizo yaliyobaki

La kwanza ni la mchezaji anayekuwa mtoto. Ana kadi mbili tu, kusema na kunyamaza, na kwa muda mrefu hana la kufanya. Kijana mmoja alilalamika: "Mwalimu, mimi sichezi, nachezwa." Mbunifu wa michezo ya kuuza angerekebisha kasoro hiyo mara moja. Sisi tumeiacha makusudi, ila tunabadilishana nafasi, na watu wazima huanza kukalia kiti hicho.

La pili: kabla hatujaeleza kanuni, kijana aliyepewa nafasi ya polisi alikwisha kutafuta fimbo. Tulifikiri kumkataza. Baadaye tuliona ni afadhali kuuliza, mchezo ukiisha, fimbo hiyo aliitoa wapi, kwa kuwa haikuandikwa kwenye kadi yoyote.

La tatu ni zito zaidi. Kadi ya suluhu, inayowawezesha mwenyekiti na mlalamikaji kumaliza shauri kwa fidia, ilipendwa mno, na kikundi kimoja kikataka kuitumia hata kwa kisa cha kumdhuru binti. Tangu hapo tumeandika juu yake kwamba ni kwa mambo madogo ya mali peke yake. Tunajua vyema jinsi mashauri mazito ya namna hiyo yanavyozimwa kwa mbuzi na maneno matamu.

Mwongozaji asiulize kamwe nani kati ya waliopo amepata kukamatwa. Huenda yupo. Jina la mtoto wa mchezo lisiwe la mtu wa kijiji hicho, na kwenye kadi neno mhalifu lisitumike.

Mchezo huchukua muda wa saa moja na nusu, mara zote mbili. Baada ya jaribio la mwisho wazee wawili waliuliza jinsi mtu anavyoweza kuwa mlezi wa kuaminika. Tuliwaeleza kwamba usharika hauna mamlaka ya kumteua, na kwamba wamwone Afisa Ustawi wa Jamii wa wilaya, ambaye atawachunguza wao na nyumba zao. Mmoja aliandika jina lake. Mwenzake, aliposikia kwamba mtoto aweza kukaa miezi, alihesabu punje zilizobaki mbele yake, akasema atazungumza kwanza na mkewe.