Kagua Ubao Kabla Haujafunikwa

Nilipomzuru binti ami yangu mjini Kakamega, nilimkuta akiifuta meza ya jikoni kwa huzuni. Haikuwa imetimiza miezi sita tangu itengenezwe. Juu iling'ara kama kioo, lakini kando ya sinki ubao ulikuwa umevimba kama mkate uliolowa chai, na ganda la juu limeachana nao. Humo ilikuwa imeingia akiba yake ya mwaka mzima ya kuuza maandazi. Nikakumbuka kauli ya wahenga: uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.

Ganda hilo ndilo tuliitalo fomaika, kutokana na Formica, bidhaa iliyobuniwa Marekani mwaka 1912 na Daniel O'Conor na Herbert Faber. Wao hawakufikiria jikoni. Walitafuta kitu cha kuzuia umeme badala ya madini ya ulanga. Ni karatasi nyingi zilizoloweshwa utomvu wa kiwandani, zikashindiliwa kwa joto hadi zikawa bamba moja gumu. Maji hulishinda kulipenya bamba hilo, lakini ubao ulio chini yake hauna kinga hiyo. Ukiwa wa chipubodi, ukishalowa huvimba wala haurudi ulivyokuwa.

Siku ya pili tulikwenda kwa fundi mwingine, mtu mzima asiye na haraka, akaturuhusu tukae tumtazame. Aliufuta ubao vumbi lote, kwani punje moja ya mchanga huonekana juu kama kipele. Akakata bamba likauzidi ubao kidogo kila upande. Akapaka gundi ubaoni na nyuma ya bamba, kisha akaketi.

"Mbona huunganishi, fundi?" aliuliza binti ami.

"Bado, mama. Nikiifunika gundi ikiwa mbichi, mvuke utafungika ndani na ganda litafanya malengelenge. Siku za mvua hungoja zaidi."

Milango ilikuwa wazi na hapakuwa na moto karibu, maana mvuke wa gundi hiyo huwaka upesi na hulewesha, watoto wasiusogelee. Gundi ilipoacha kunata kidoleni, alipanga fito nyembamba juu ya ubao, akalilaza bamba juu yake na kuliweka sawa. Ndipo akachomoa fito moja moja kuanzia katikati, akikandamiza kuelekea ukingoni ili hewa itoke. Nyuso hizo zikishagusana, hakuna kusahihisha. Mwisho alisawazisha kingo kwa tupa, na tundu la sinki akalipaka vanishi ndani pasibaki ubao mkavu.

Hapo nikaona haki ya mteja inapopotelea. Kosa la fundi wa kwanza lilifunikwa, na siku ya malipo hakuna jicho lililoliona. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipotia mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta unyevu chini yake, alimkemea muuzaji kwa kuuficha.

Basi, mama zangu na dada zangu, msingoje meza iletwe iking'ara. Ulizeni ni ubao gani, utazameni kabla haujafunikwa, pitisheni kidole ndani ya tundu la sinki, na sehemu ya malipo ibaki mikononi mwenu mpaka hapo. Nawe fundi, kazi ambayo nusu yake hufichwa ni amana.

Meza mpya ya binti ami imeshapita msimu mzima wa mvua za Kakamega. Kando ya sinki pangali sawa, alhamdulillahi.