Nondo ipi ngumu zaidi kukunja? Iulize ndoo

Kwenye saiti za ujenzi, iwe Masasi au juu Newala, hakukosi wa kutamba: nani anakunja nondo kwa mikono? Ukitaka jibu la uhakika, ugumu wa nondo unapimika.

Bana ncha moja kwenye jiriwa, nyingine ivalishe bomba jepesi. Mita 1 kutoka kwenye jiriwa tundika ndoo, ongeza mchanga taratibu. Nondo ikipinda na isirudi ukishaondoa ndoo, basi. Pima ndoo kwenye mizani ya korosho.

Kwa chuma cha daraja la 500, hesabu inatoa takriban kilo 8.5 kwa nondo ya milimita 10, na kilo 15 kwa ya 12. Mbona tofauti kubwa hivyo? Kwa sababu kipenyo kinazidishwa mara tatu: 10×10×10 ni 1,000; 12×12×12 ni 1,728. Na ukikata kipande kifupi nusu, mikono yako itahitaji nguvu mara mbili.

Sasa fikiria umeuziwa "ya 12" yenye milimita 11: karibu robo ya ugumu imepotea. Na chuma kikiwa hafifu, rula haitakwambia. Ndoo itakwambia.