Kabla ya Rungu Kulikuwa na Karatasi

Tarehe 4 Machi 1959 serikali ya kikoloni mjini Nairobi ilitoa taarifa fupi: mahabusu kumi wa kambi ya Hola, kando ya Mto Tana, wamefariki. Taarifa ilieleza kuwa walikufa baada ya kunywa maji ya gari la maji, lile lile walilonywea wenzao wote na askari wao. Aliyeisoma kwa haraka angedhani pengine ni sumu, au tumbo la kuhara. Wa kumi na mmoja akafuata baadaye. Hakimu alipofanya uchunguzi, ushahidi wa madaktari ulizungumza mambo mengine kabisa: mapafu yaliyojaa, mshtuko, na damu kuvuja ndani ya mwili kwa sababu ya vipigo vingi. Gari la maji lilikuwapo kweli pale kambini, ila halikumuua mtu. Tangu siku hiyo Hola imesimuliwa kama habari ya askari jela waliopandwa na mori wakakosa wa kuwazuia. Masimulizi hayo yanawafaa wakubwa zaidi kuliko yanavyowafaa marehemu. Mtu akizifuata nyaraka hatua kwa hatua ataona kwamba kipigo cha Hola kilianza ofisini, kikapigwa chapa na kutiwa saini wiki kadhaa kabla rungu la kwanza halijainuliwa.

Mpango wenyewe uliandikwa na John Cowan, ofisa mwandamizi wa Idara ya Magereza. Hola ilikuwa na mahabusu sugu waliokataa kufanya kazi, nao hawakufikishwa pale kwa hukumu ya mahakama bali kwa amri ya serikali. Cowan akapendekeza watolewe nje kwa makundi madogo, wapelekwe shambani kwenye mradi wa umwagiliaji, na anayegoma abururwe hadi mahali pa kazi na kulazimishwa kuifanya. Mpango ukapanda ngazi hadi kwa mawaziri, nao wakauridhia. Wala haukuwa wa kwanza wa aina yake. Mnamo Juni 1957 Mwanasheria Mkuu wa Kenya, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana Evelyn Baring kuhusu nguvu iliyokuwa ikitumika katika kambi za Mwea. Aliagiza kwamba wanaopiga wawe watulivu, wasiwe na hasira, na wasiwapige watu sehemu za hatari, hasa bandama, ini na figo. Aya hiyo inastahili kusomwa mara mbili. Mtu anayetaja bandama katika waraka wa kisheria anajua vizuri kitakachotokea baada ya waraka huo kufika kambini.

Mtetezi wa serikali ile ana hoja hapa, na si hoja dhaifu. Mpango wa Cowan ulitaka wasitolewe zaidi ya watu ishirini kwa wakati mmoja. Mkuu wa kambi, Michael Sullivan, akawatoa themanini na watano kwa mpigo. Kwa hiyo, anasema mtetezi, kosa ni la mtekelezaji. Ni kweli Sullivan hakuufuata mpango. Lakini tujiulize angeufuata ili iweje. Ishirini wangetolewa, wangegoma kama walivyoapa, na askari wangekuwa na kibali cha maandishi cha kuwatia mikononi. Waraka ulipunguza idadi ya watu wa kulazimishwa kwa siku moja. Haukusema popote nguvu ikomee wapi endapo mtu anaendelea kukataa. Mpango usioeleza mwisho wa nguvu umemwachia mwenye rungu aamue mwenyewe. Na hesabu iliyofuata ni ya kustaajabisha: hakuna aliyeshtakiwa kwa vifo vile, Sullivan alistaafishwa bila kupoteza kiinua mgongo chake, na Cowan akatunukiwa nishani ya Malkia mwaka huo huo.

Kwa nini kazi, na si kitu kingine? Hapa ndipo ilipo roho ya jambo lote. Tangu hali ya hatari itangazwe Oktoba 1952 kukabiliana na uasi wa Mau Mau, serikali ilikuwa imewaweka kizuizini watu wasiopungua 80,000 kwa hesabu yake yenyewe, na wapo wanahistoria, akiwemo Caroline Elkins, wanaoitaja idadi kubwa zaidi ya hiyo mara kadhaa. Watu hao walichujwa na kupewa rangi: weupe wa kuachiliwa, wa kijivu wa kurekebishwa, weusi wa kushikiliwa. Kutoka kambi ya Manyani hadi Mwea, mtu alisogea karibu na nyumbani kwa kadiri alivyokiri kiapo cha Mau Mau na kushika jembe. Jembe likawa kipimo cha toba. Ndiyo maana kukataa kulima hakukuonekana kuwa uvivu wala utovu wa nidhamu, bali ukaidi wa moyo uliopaswa kuvunjwa. Wanasheria nao wakaleta istilahi: kulikuwa na nguvu ya kuadhibu, iliyokatazwa, na nguvu ya kushurutisha, iliyoruhusiwa. Mgongo wa mahabusu haukuweza kuzitofautisha.

Wako wanaouliza kama si haki kukumbuka kwamba Mau Mau nao waliua. Ikumbukwe, na bila kupunguza. Usiku wa shambulio la Lari, Machi 1953, wanawake na watoto walichomwa ndani ya nyumba zao, na hesabu rasmi ya vita ile inataja raia Waafrika zaidi ya 1,800 na walowezi 32 waliouawa. Lakini hoja hiyo inahalalisha kuwakamata watu, kuwashtaki na hata kuwafunga. Haigusi kabisa swali la afanyiweje mtu ambaye tayari mikono yake imefungwa na yuko nyuma ya seng'enge. Kinga ya mfungwa haitokani na usafi wake. Ingekuwa hivyo wachache sana wangeipata.

Kuna na lile pingamizi la "tusiwapime watu wa jana kwa kipimo cha leo". Kipimo hiki ni cha jana hasa. Eileen Fletcher, aliyefanya kazi ya urekebishaji kambini, alijiuzulu na mwaka 1956 akaeleza hadharani kuhusu wasichana wadogo waliofungwa. Kamishna wa Polisi, Arthur Young, aliondoka Kenya kabla ya hapo, mwaka 1954, kwa kuona uhalifu wa vyombo vya dola haushughulikiwi. Mbunge wa upinzani, Barbara Castle, aliisumbua serikali katika Bunge la Uingereza bila kuchoka. Na usiku wa manane wa Julai 1959, Enoch Powell, mbunge wa chama kile kile kilichotawala na mtu ambaye baadaye angejulikana kwa chuki dhidi ya wahamiaji, alisimama akasema Waingereza hawawezi kuwa na kipimo kimoja cha haki Afrika na kingine kwao. Kama Powell aliliona, hakuna aliyekosa macho.

Kenya huru nayo haikuutupa mtambo huo wa kuwafungia watu bila hukumu. Sheria ya usalama wa umma ya 1966 ilirudisha kuwaweka watu kizuizini bila mashtaka, na miaka ya 1980 vyumba vya chini vya Nyayo House, katikati ya Nairobi, vilijazwa maji ili waliofungiwa humo washinde na kukesha wamesimama ndani yake.

Kuhusu karatasi za wakoloni, walioziandika walijua thamani yake. Kabla ya bendera kushushwa nyingi zilichomwa, na nyingine zikasafirishwa kimya kimya hadi Hanslope Park, Uingereza, zikakaa huko miaka karibu hamsini. Zilijitokeza mwaka 2011 kwa sababu tu wazee wachache wa Kenya walikuwa wamefungua kesi London. Mmoja wao alipigwa Hola hadi akazimia, akalazwa pamoja na maiti. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba Wakenya waliteswa, ikaeleza majuto, ikakataa kuwajibika kisheria, na kulipa pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa walalamikaji 5,228. Wengine zaidi ya 40,000 waliokuja nyuma yao walishindwa mwaka 2018, sababu kubwa ikiwa muda: miaka ilikuwa imepita mno, na mashahidi wamekufa. Miaka mingi kati ya hiyo mafaili yalikuwa yamefungiwa ndani ya majengo ya mshtakiwa.