Hariri ya Buibui Bila Buibui
Uzi anaojining'inizia buibui una nguvu kuliko chuma cha uzito uleule, na bado hunyumbuka. Kufuga buibui ili kuuvuna hakulipi, kwa kuwa hulana. Joho la hariri ya buibui, la rangi ya dhahabu, lililoonyeshwa London mwaka 2012 lilihitaji buibui zaidi ya milioni moja wa Madagaska.

Uzi huo ni protini, na jeni yenye maagizo ya kuitengeneza inaweza kupandikizwa kwa kiumbe kingine. Kampuni ya Nexia ya Kanada ilijaribu mbuzi, ili protini itoke kwenye maziwa. Siku hizi hutegemewa zaidi bakteria na hamira, wanaokuzwa kwa sukari ndani ya matangi.

Kupata protini, hata hivyo, ndiyo sehemu nyepesi. Tezi za buibui hugeuza ujiuji kuwa uzi kwa kupunguza maji, kuongeza asidi na kuuvuta, tena bila joto kali. Viwandani mara nyingi hutumika kemikali, na jeni ndefu inayojirudiarudia huwaelemea bakteria. Protini ikitoka fupi, uzi huwa dhaifu. Kampuni ya Spiber ya Japani ililazimika kuibadili protini yenyewe kabla ya kuuza jaketi zake mwaka 2019, maana hariri ya buibui hunywea ikilowa.