Kufuga na Kufunga: Hali ya Mnyama wa Pori katika Bustani ya Wanyama

0. Utangulizi

Baina ya vitenzi kufuga na kufunga pana tofauti ya sauti moja tu. Kufuga ni kumweka mnyama na kumtunza ili azaliane na kuleta faida. Aliyefugwa huitwa mfugo. Kufunga ni kuzuia. Aliyefungwa huitwa mfungwa. Kufanana huko hakuthibitishi kwamba vitenzi hivyo vina asili moja, lakini kunaleta swali: mnyama wa pori akaaye katika bustani ya wanyama ni mfugo au ni mfungwa? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa mifano miwili ya Kongo, yaani okapi na sokwe.

1. Maana ya hali njema

Mwaka 1965, huko Uingereza, kamati iliyoongozwa na Profesa Brambell ilitoa ripoti juu ya mifugo inayokaa mahali pa kubana. Ilitaka kila mnyama aweze angalau kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo. Kutokana na ripoti hiyo, mwaka 1979 yalitajwa mambo matano: mnyama aepushwe njaa na kiu, aepushwe makao mabaya, aepushwe maumivu na maradhi, aepushwe hofu na mashaka, tena awe na nafasi ya kufuata mwenendo wa asili yake.

Inafaa kukumbuka kwamba kanuni hizo zilitungwa kwa ajili ya mifugo. Ng'ombe na mbuzi wamekaa na binadamu kwa maelfu ya miaka, na tabia yao imegeuka. Mnyama wa pori, hata akizaliwa kizimbani, hubaki na maumbile ya pori. Kwa hiyo jambo la tano ndilo gumu kuliko yote. Chakula na dawa vyaweza kununuliwa. Mwendo mrefu, maficho na uhuru wa kuchagua haviletwi kwa ndoo. Mwaka 2003 watafiti Clubb na Mason walionyesha katika jarida la Nature kwamba, miongoni mwa wanyama walao nyama, wale ambao porini huzunguka eneo kubwa ndio wanaotembea zaidi huku na huku bila kusudi wanapofungiwa. Mtazamaji hudhani mnyama huyo amechangamka. Kumbe mwendo huo ni dalili ya dhiki.

2. Okapi

Okapi haishi porini ila katika Kongo. Alitambulishwa kwa wataalamu wa Ulaya mwaka 1901, na tangu hapo bustani nyingi zilimtamani. Njia ya kumkamata ilikuwa shimo lililochimbwa katika mapito yake na kufunikwa majani. Okapi wa kwanza kufika Antwerp, mwaka 1919, hakumaliza miezi miwili.

Sababu za vifo vya namna hiyo zaeleweka. Okapi ni mnyama wa upweke na kimya, tena mla majani ya miti ya aina nyingi; safari ndefu na kelele humtia hofu. Porini minyoo yake hutawanyika pamoja na mavi yake. Katika ua mdogo mavi hurundikana, naye humeza tena minyoo ile ile hadi imzidi nguvu. Elimu ya mambo hayo ilipatikana polepole, kwa gharama ya uhai wa wanyama wengi.

Hata ua ulio katika msitu wenyewe una hatari yake. Huko Epulu, ndani ya Hifadhi ya Okapi iliyoanzishwa mwaka 1992, okapi 14 walikuwa wakitunzwa. Tarehe 24 Juni 2012 watu wenye silaha walishambulia kituo. Watu waliuawa, na okapi wote 14 walipotea kwa shambulio hilo. Okapi wa msituni angeweza kukimbia. Yule wa uani alikuwa amekwisha kukabidhi usalama wake kwa wanadamu.

3. Sokwe wa Lubumbashi

Mwaka 2006, katika uwanja wa bustani ya wanyama ya Lubumbashi, kilianzishwa kituo cha J.A.C.K. cha kupokea sokwe wachanga walionyang'anywa wafanyabiashara. Hapa swali linageuka. Mtoto wa sokwe hukamatwa kwa kumuua mama yake, ambaye angemnyonyesha na kumfundisha kwa miaka mingi. Kumwachilia peke yake msituni ni kumwua. Kumweka pamoja na wenzake, penye miti ya kupanda na walezi wa kudumu, ni kupunguza dhara lililokwisha kutendeka.

Hata hivyo, mwezi Septemba 2022 sokwe watatu wachanga waliibwa kituoni humo, na wezi wakadai fidia ya fedha. Waliookolewa katika biashara waligeuzwa bidhaa tena.

4. Hitimisho

Mifano hii yaonyesha kwamba ukuta peke yake hautoi jibu. Mgeni wa bustani yoyote ana haki ya kuuliza mambo matatu: mnyama huyu alitoka wapi, anaweza kujificha na kufuata mwenendo wake, na siku ya vita au njaa, nani atamjibia? Pasipo majibu, huyo ni mfungwa, hata kama kizimba chake ni safi. Neno bustani humfurahisha atazamaye. Wajibu ni kupima kama linamfaa pia akaaye ndani.